Sauti ya Tano

Katika chumba cha kufulia cha hospitali watu hawana vichwa. Mvuke wa mashine tatu hupanda mpaka darini, hukosa pa kutokea, kisha hushuka taratibu na kutulia usawa wa mabega, hivyo anayeingia huona mikono tu. Mikono inakung'uta shuka, mikono inapiga pasi foronya, mikono miwili inakutana na mingine miwili katikati ya chumba, inapeana ncha za blanketi na kuachana bila kuagana. Siku Mwalimu alipoletwa pale kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni na tai yake shingoni, akafikiri kwamba pengine amekwisha kufa, na kwamba kule alikokuwa akikuimba miaka yote ndiko huku. Kisha mkono mmoja ukatoka kwenye weupe ule, ukamvua tai, ukamvika aproni ya mpira. Ulikuwa mkono wa shemeji yake.

Alikuwa mwalimu wa kwaya, na tusimpunje, alikuwa mwalimu wa kwaya hasa. Aliweza kugeuka kufunga dirisha huku watu arobaini wanaimba nyuma yake, na bado akajua ni nani katika sauti ya tatu ameteleza. Wanakwaya walimwogopa kuliko mchungaji, maana mchungaji husamehe. Kisha nyakati zikageuka. Wakubwa wa mji waliona watu wa kanisa lake ni wengi mno, au wana kelele mno, au yote mawili. Kanisa likafungwa kwa ajili ya ukarabati, na huo ukarabati mpaka leo haujaona fundi wala mfuko wa saruji. Baada ya kufuli likaja agizo, likabandikwa ukutani: watu wa kanisa lile wasitoe sauti, kwa wimbo wala kwa sala, mahali popote. Atakayeweka sahihi kwamba imani ile ameiacha, atabaki kazini kwake. Asiyeweka, hospitali ina shuka.

Wengi waliweka, na mimi si wa kuwahukumu. Mwenye watoto wanne wanaomtazama mezani ana mahubiri yake mwenyewe. Tisa hawakuweka, wakatolewa walikokuwa wakifanya kazi, wakapelekwa kufua. Miongoni mwao alikuwemo Fundi Viatu, mzee ambaye gundi ilikuwa imemkaukia vidoleni tangu ujana wake, na Muuguzi, mama mnene aliyeondolewa wodini ghorofa ya pili akashushwa chini kufua shuka za wagonjwa wale wale. Walikuwemo Mwalimu na mkewe. Fundi Viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kichekesho chenyewe.

"Hawa watu wametufungia kanisa, halafu wametuweka waumini wote chumba kimoja," alisema akisukuma toroli. "Hata mchungaji hakuwahi kutupata sote pamoja saa moja asubuhi."

Mwalimu hakucheka. Tangu kufuli lilipotiwa mlangoni alikuwa ameacha kucheka, na kilichomsumbua hakikuwa shuka wala harufu ya dawa. Kilichomsumbua ni jambo ambalo hakumwambia mtu: hakuwa amekataa kuweka sahihi kwa ajili ya imani. Alikataa kwa kiburi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze. Imani yake yeye ilikuwa na sauti nne, na zote zilikuwa zimebaki nyuma ya lile kufuli. Alipojaribu kusali kimya, asubuhi, kwenye ukingo wa kitanda, alijikuta amekaa tu, anasikiliza, na hakuna anachosikia.

Jumatatu moja, mvuke ukiwa ndio kwanza unajikusanya, aliingia kijana mmoja mwenye koti zuri na jalada kwapani. Mjini walimwita Bwana Agizo, maana kila agizo lilitoka mdomoni mwake na kila karatasi ilikuwa na muhuri wake. Alipomwona Mwalimu aliinamisha kichwa, kwa mazoea yaliyomzidi nguvu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alijibu Mwalimu, naye pia kwa mazoea. Angefanyaje? Kijana yule alikuwa mwanafunzi wake. Aliimba sauti ya nne kwa miaka sita, mstari wa nyuma, wa pili kutoka ukutani, na hakuwahi kuchelewa mazoezini hata siku moja. Adui anayekuamkia shikamoo ni mtihani mgumu kuliko adui anayekutukana.

Bwana Agizo alimvuta pembeni, karibu na mashine ya kukamulia, ambako maneno hayafiki mbali. Akatoa karatasi.

"Mji unataka kwaya. Kwaya ya mji, ya kuimba kwenye hafla. Nimewapata watu arobaini, piano tumeleta, ukumbi una mwangwi mzuri, nimepiga makofi mle ndani mwenyewe nikausikia. Tunakosa mwalimu." Akapunguza sauti. "Weka sahihi hapa chini tu. Ni mstari mmoja."

"Na nisipoweka?"

"Ijumaa saa sita mchana muda unakwisha. Wewe si mfuaji wa kawaida, Mwalimu, wewe watu wanakutazama. Wamesema usipoweka utapelekwa kambi ya wafungwa, miaka miwili." Alimtazama kwa macho ya mtu anayeomba. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ni wa muziki. Si wa sabuni."

Mwalimu alichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Siku nzima aliisikia humo. Ilikuwa na watu arobaini na piano.

Sasa lazima nieleze kuhusu shemeji yake, maana bila yeye hakuna hadithi.

Alikuwa mdogo wa kike wa mkewe, na alikuwa kiziwi tangu homa ilipompata akiwa na miaka minne. Kwenye karatasi za wakubwa aliandikwa bubu, na bubu hakuombwa sahihi. Nani anahangaika na sahihi ya mtu asiyesema? Alikuwa pale kufulia miaka kumi na miwili kabla ya wengine kuletwa, na chumba kile kilikuwa chake. Alijua kwa kuweka kiganja kwenye bati la mashine kama maji yamekwisha. Alizungumza kwa mikono, lugha waliyoitunga yeye na dada yake utotoni chini ya meza ya jikoni, na kila mtu alikuwa na jina lake ndani ya lugha hiyo. Jina la Mwalimu lilikuwa vidole viwili vinavyokaza tai. Shemeji alilitamka huku amebana midomo na kuinua kidevu, na watu wote wakajua anasemwa nani. Utani wa mashemeji huo, hauna kesi.

Yote yalianza na Muuguzi, majuma mengi kabla ya ile karatasi. Siku moja saa ya mapumziko, mashine zikiunguruma zenyewe, alisimama katikati ya shuka zilizoning'inia, machozi yakamtoka, akafungua mdomo kutaka kuimba kisha akakumbuka. Akabaki mdomo wazi. Shemeji akamtazama, akamuuliza dada yake kwa mikono: huyu ana nini? Dada akamjibu: anataka kumwimbia Mungu, na imekatazwa. Shemeji akashangaa kwa dhati. Akauliza tena, polepole, kana kwamba labda hakuelewa: kwa hiyo anangoja nini?

Akasogea mbele ya Muuguzi, akainua mikono, akaimba.

Tangu siku ile, kila saa sita na nusu, waliokula walikula haraka, wakajipanga kati ya kamba za shuka, na Shemeji akawafundisha. Mvuke ulificha nyuso zao. Aliyepita dirishani angeona mikono kumi na minane ikipanda na kushuka kwenye weupe, akadhani ni kazi. Neno la mbingu lilikuwa kiganja kinachofuta kioo. Neno la Mwana lilikuwa mkono unaopita juu ya kichwa cha mtoto. Nyumba, mkate, giza, kungoja, vyote vilikuwa na mahali pake hewani, na baada ya majuma machache waliweza kupitisha wimbo mzima bila kusimama, na ukiwa katikati yake ulihisi kama umelala na unaota mvua inanyesha kwenye mji usio na sauti.

"Kwaya ina sauti nne, sivyo Mwalimu?" Fundi Viatu alimwambia. "Basi hii ni ya tano. Njoo."

"Hiyo si sauti," alisema Mwalimu, akaendelea kukunja foronya. Alikuwa akizikunja peke yake pembeni, kila siku, foronya mia mbili, na mkewe alimwangalia kutoka kati ya shuka.

Jumatano, karatasi ikiwa na siku ya tatu mfukoni, aliinua macho kutoka kwenye foronya akamwona shemeji yake peke yake kati ya shuka mbili. Wengine walikuwa hawajamaliza kula. Alikuwa akiimba, lakini si kwa ile lugha ya chini ya meza. Mkono wa kushoto ulikuwa ukienda chini, kando, juu. Wa kulia ulishika kitu kidogo kisichokuwapo, ukakizuia, ukakiachia. Mwalimu aliitambua. Ilikuwa mikono yake. Alikuwa akiongoza kama anavyoongoza yeye, na kwa zile pumzi na vituo aliujua wimbo: ni ule wake, aliotunga mwaka waliofiwa na mtoto wao, wimbo wa furaha ambao watu walimshangaa kuutunga mwaka ule. Alikuwa ameuimba ndani ya kanisa miaka ishirini, na miaka hiyo ishirini Shemeji alikaa benchi la mwisho, akisoma mgongo na mikono yake. Aliujua wote. Hata pale sauti ya nne inapoingia kwenye pigo la tatu, alikunja bega kuwakaribisha.

Na kwa nini alikaa benchi la mwisho? Mwalimu alijua kwa nini, na pale pale, na foronya mkononi, alikumbuka. Akiwa na miaka kumi na mitano yule binti alikuja mazoezini, akasimama na sauti ya kwanza, akafungua mdomo. Mkishaisikia sauti ya mtu asiyejisikia, hamtaisahau. Wengine walicheka. Mwalimu hakucheka, alifanya baya zaidi: alimwambia mkewe, kwa upole kabisa, amkalishe nyuma na amweleze asitoe sauti. Hakuna aliyebandika agizo hilo ukutani. Lakini lilitiiwa miaka ishirini.

Aliweka foronya chini. Akaenda akasimama mbele ya shemeji yake, akataka kusema pole, na akagundua kwamba katika miaka yote ya ndoa yake hakuwa amejifunza neno pole kwa mikono. Alisimama tu, mikono imening'inia. Shemeji akamtazama juu mpaka chini, akatengeneza tai isiyokuwapo shingoni mwake, akamshika mabega, akamsogeza kwenye mstari wa nyuma, wa pili kutoka ukutani, kama mwanakwaya mgeni. Wengine wakaja wakajipanga.

Waliimba wimbo wake. Maneno yalisema: furaha yangu imeshuka toka juu, sikuinunua, wala hakuna awezaye kuniibia. Sasa, furaha, kwa mikono ya Shemeji, ni viganja viwili vinavyokutana kifuani, vinapanda na kufunguka. Sabuni ni viganja viwili vinavyokutana kifuani na kusuguana. Tofauti ni ndogo sana, na mikono ya Mwalimu, iliyozoea kuamrisha, ilikuwa migumu kama ubao. Haikufunguka. Ilisugua. Alifumba macho kwa uchaji mkubwa na akamwimbia Mungu wake kwa moyo wote kwamba sabuni yake imeshuka toka juu, hakuinunua, wala hakuna awezaye kumwibia.

Na juma lile vipande kumi na viwili vya sabuni vilikuwa vimepotea stoo, na wote walikuwa wakipekuliwa getini.

Muuguzi ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, na mtu mnene akijizuia huwa ni hatari zaidi. Fundi Viatu akashika kamba asianguke. Mkewe Mwalimu alijifunika uso kwa shuka ya watu. Mwalimu alifumbua macho, akaona, akauliza "Nini?", na Shemeji, machozi yakimtiririka, akamwonyesha: umemshukuru Mungu kwa sabuni. Mwalimu alitazama viganja vyake. Kitu kikapasuka ndani yake, mahali palipokuwa pamekazwa tangu siku ya kufuli, na akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye rundo la blanketi, na katikati ya kicheko kile, bila kukitafuta, akahisi kwamba hawako peke yao mle ndani. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Ule utupu aliokuwa akiusikiliza kila asubuhi kitandani haukuwa mtupu, na ulikuwa unacheka pamoja nao.

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Shemeji, maana hakuwa na njia ya kujua. Kicheko chake kilitoka nje, kikavuka uwanja.

Mlango ukafunguliwa. Mvuke ukakimbilia nje, na kwa mara ya kwanza watu wakawa na vichwa. Bwana Agizo alisimama na jalada lake.

"Mnaimba?"

"Tunacheka," alisema Muuguzi akijifuta macho.

"Mnacheka nini?"

Fundi Viatu akaona ni zamu ya mzee kusaidia. "Sabuni, mkubwa."

Agizo halikusema lolote kuhusu kucheka. Bwana Agizo alijua, maana alilisoma yeye mwenyewe mara nyingi. Lakini Shemeji alikuwa amegeukia upande wa pili, hakumwona, na mikono yake ilikuwa imeuanza tena wimbo, kushoto chini, kando, juu. Bwana Agizo akaiangalia mikono ile. Ilipofika pigo la tatu, pale sauti ya nne inapoingia, alivuta pumzi. Haikusikika, ila kila mtu aliyewahi kuimba aliona kifua chake kinapanda. Akajua walichokuwa wakifanya. Akakifunga kinywa, akatazama viatu vyake.

"Ijumaa, Mwalimu," alisema, akarudisha mlango polepole.

Alhamisi ukutani palikuwa na karatasi mpya: kwa sauti, kwa mkono, au kwa ishara yoyote. Saa sita na nusu walisimama kati ya shuka, mikono mifukoni, wakatazamana. Fundi Viatu alitikisa kichwa. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema, na kwa siku ile hiyo ndiyo ikawa ibada.

Jioni, jua likiwa bado ukutani, Mwalimu alikaa jikoni kwao akiangalia mkewe anamenya viazi. Mkewe hakuinua macho.

"Ile karatasi iko mfukoni kwako tangu Jumatatu."

"Umeiona?"

"Mimi ni mfuaji, Mwalimu. Mfuko wa mtu naupekua kabla sijatia maji." Akamenya kiazi kizima kabla ya kuendelea. "Sikuambii weka, wala sikuambii usiweke. Nikisema usiweke, utakaa kambini miaka miwili ukinilaumu. Nikisema weka, utaimba na hao arobaini ukinilaumu vilevile. Nakufahamu."

"Nawatamani," alisema Mwalimu. "Sitakudanganya. Nikifumba macho nawasikia. Arobaini, na ukumbi wenye mwangwi. Ninawatamani kama mtu mwenye kiu."

"Najua."

"Na jana, pale kwenye mablanketi..." Alitafuta neno, hakulipata. Mwalimu wa maneno na noti, akakosa. "Miaka yote hiyo nilikuwa nafundisha watu wimbo wa furaha. Nilijua inapopanda, nilijua inaposhuka. Sikujua kwamba ipo."

Mkewe aliweka kisu chini. Mkono wake ulikuwa na maji na wanga wa viazi, akamshika nao shavuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. "Ulicheka," alisema. "Nilikaa nikihesabu mara ya mwisho ni lini, nikashindwa."

Ijumaa saa sita waliitwa wote uwanjani, mbele ya mlango wa kufulia. Gari la wafungwa lilikuwa limesimama getini, mlango wa nyuma wazi. Jua lilikuwa kali, na baada ya mvuke wa ndani kila kitu kilionekana kama kimeoshwa upya, kila kokoto peke yake. Bwana Agizo alisoma maneno yaliyopaswa kusomwa. Kisha akaja karibu na kalamu, akaifungua kifuniko yeye mwenyewe.

"Hawataki mengi," alisema kwa sauti ya chini. "Hata ukiendelea kuamini moyoni, nani ataona?"

Mwalimu alishika kalamu. Nisiseme uongo, aliishika, na mkono ulikaribia karatasi. Aliwasikia wale arobaini wakivuta pumzi ya kuanza. Kisha akawatazama wenzake waliopangwa ukutani, Fundi Viatu na aproni yake iliyomzidi, Muuguzi, mkewe, wote wanane mikono mifukoni kwa mujibu wa agizo, na kando yao, mikono nje, shemeji yake ambaye hakuna aliyekuwa amemweleza chochote. Watu wasiokuwa na mwangwi wowote. Na bado moyo wake ulikwenda kwao, haraka, kama mtoto anayetoka shuleni, naye akaushangaa unavyokwenda.

"Wangeona hawa," alisema. Akamrudishia kalamu. "Siweki, mwanangu."

"Mwalimu, nakuomba."

"Najua unaniomba. Uwe na hao arobaini wewe. Sauti ya nne waanzishe kwa pumzi ndefu, wakivuta fupi wanachelewa." Na mwanafunzi wake, kwa mazoea yaliyomzidi nguvu, akaitikia kwa kichwa.

Askari wawili wakamshika mikono. Shemeji, aliyekuwa akijitahidi kusoma midomo yote ile huku jua likimpiga machoni, alimgeukia dada yake akauliza kwa ishara: imekuwaje? Dada yake alitoa mikono mifukoni, kuwe na agizo au kusiwe, akamjibu: wamemtaka akane. Amekataa.

Shemeji alimtazama Mwalimu akisukumwa kuelekea garini. Mikono yake ilipanda, ikafika kifuani, ikaona kwamba yeye amekwisha kugeuzwa mgongo na hawezi kuona mikono ya mtu. Ikashuka. Basi akafungua mdomo.

Haikuwa sauti nzuri. Wanaosimulia kwamba ilikuwa ya malaika hawakuwapo. Ilikwaruza, ilipanda pasipo ngazi, ikashuka pasipo sababu, ikavuta pale wengine wanapokata. Lakini ilikuwa wimbo, kila aliyeujua aliutambua, na ilijaa uwanja mzima mpaka madirisha ya wodi yakaanza kufunguka moja moja. Askari mmoja alifungua orodha yake ya majina mbio mbio. "Huyu hapa ameandikwa bubu," alisema, akamtazama mkubwa wake. Bwana Agizo alilifungua jalada lake. Karatasi zake zote hazikuwa na kifungu cha bubu anayeimba.

Mwalimu alisimama, mguu mmoja kwenye ngazi ya gari. Sikio lake, kwa desturi yake, liliitafuta sauti ile kwenye sauti zote nne lilizozijua, na haikuwamo. Miaka ishirini na mitano kila mwimbaji alichukua sauti kutoka kwake. Yeye hakuwahi kuichukua kwa mtu. Akageuka, pamoja na askari wake. Akamtazama shemeji yake mdomoni, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa unyenyekevu wa mtu anayejifunza, mpaka akajua iko wapi. Hapo ndipo akaingia.

Alianza akiwa amechelewa, na hakuwa kwenye noti yoyote. Shemeji akaona mdomo wake umefunguka, uso wake umejaa furaha, na akapunguza mwendo ili amngoje.